Ngiri Apima kwa Kakakuona, Anunua kwa Kunguru

"Nikifunga duka, ndugu yangu, baiskeli hiyo utampelekea nani?" Kakakuona aliuliza. Ngiri aliendelea kubonyeza simu.

Kakakuona alikuwa fundi na muuza vipuri. Ngiri alikuwa bahili anayejiita mjanja. Kila mara alikuja dukani, akanywa chai ya fundi, akashikashika cheni, akaomba apimiwe breki na kuelezwa saizi. Kisha, akiwa bado amekalia benchi la fundi, aliagiza mtandaoni kwa Kunguru, ambaye hana duka wala spana, ana bei ya chini tu.

"Kunguru ananijali," alitamba. "Wewe fundi una tamaa."

Chai yako anakunywa, fundi, halafu mwenye tamaa ni wewe. Haya.

Duka likafungwa. Ngiri akajiagizia breki bila kupimiwa, zikaja zisizoingia. Akampigia Kunguru kwa ukali, lakini simu ikapokelewa na sauti anayoijua.

"Huduma ya ushauri, karibu. Unalipa kwanza, ndipo tunaongea."

"Si wewe Kakakuona? Mbona zamani ulinipimia bure?"

"Zamani nilikuwa na duka, bwana. Sasa nimeajiriwa na Kunguru, naye anatusikiliza."

Ngiri akalipa, na ushauri ukamgharimu kuliko breki zenyewe. Hata hivyo baiskeli akawa anaikokota tu, maana simu haikazi nati.

Basi wewe unayenisikiliza, ukipimiwa dukani, tafadhali nunua hapo hapo.