Mnanaa Umezidi

Mama alilamba kijiko, akakunja uso.

"Mnanaa umezidi. Kha! Nahisi kama napiga mswaki!"

Binti yake aliganda palepale, kalikumbatia bakuli la sosi ya saladi: mtindi mzito uliosagwa na giligilani, kitunguu saumu na mnanaa.

Mama huyu alikuwa mpishi wa hoteli, na ulimi wake uliwahi kuwaliza wapishi wenye vitambi vyao. Lakini tangu homa kali imlaze, kila chakula kwake kilikuwa sawa na karatasi. Hakulalamika. Kila alicholetewa alikisifu: "Kitamu, mwanangu." Hata wali ulioungua ulikuwa mtamu. Sifa hizo zilimchosha binti kuliko matusi, akaishia kupika bora liende. Leo mnanaa kautupa kwenye mashine shada zima, na vikonyo vyake, bila hata kuonja.

"Hebu sema tena, mama."

"Niseme mara ngapi? Umezidi! Na chumvi je, umemwachia nani? Nani kakufundisha kupika?"

"Wewe!" Binti alicheka huku machozi yakimlengalenga.

"Mimi? Usinisingizie..."

Mama akakitazama kijiko. Akakichovya tena kwenye lile rojo la kijani, akakilamba taratibu, macho kayafumba, utepe wa kijani ukibaki juu ya mdomo wake.

"Mnanaa," alinong'ona, kama anayemwita mtu aliyemwona kwa mbali.

Kisha akanyoosha mkono.

"Lete limau."