Job Porch Apata Ukoo

"Porch! Wangapi wamejifutia viatu kwako leo?"

Vicheko vikalipuka zizini. Job Porch aliendelea kumnyoa kondoo, masikio yamemwiva.

Miaka ishirini na moja iliyopita aliokotwa akiwa mtoto mchanga kwenye kibaraza cha kanisa, na kule Westmorland, Uingereza, mtoto wa kuokotwa hupewa jina la ukoo kutokana na mahali alipookotwa. Porch, kwa Kiingereza, ni hicho kibaraza. Jina hilo ndilo lililomnyima Nan, mkamuaji wa ng'ombe.

"Binti yangu hawi Bi. Porch hata nikifa," baba yake Nan alishakata maneno.

Siku hiyo bwana wake, mzee Garthwaite, alirudi kutoka mjini Kendal amesawijika. Jioni alimwita Job jikoni, akamkatia nyama kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Chukua jina la ukoo wangu. Thomas Garthwaite, kama baba yangu. Likishatangazwa kanisani ni lako, na Nan ni wako."

"Mimi, bwana? Na mwanao atasemaje?"

"Yuko Lancaster kwa shangazi yake. Hatasema kitu."

Job alilia, machozi yakidondokea nyama.

Jumapili tatu mfululizo kasisi alitangaza ndoa ya Thomas Garthwaite na Nan Airey. Mara ya kwanza alikohoa. Watu wakatazamana, kisha kila mmoja akainamia kitabu chake. Tangu hapo hata wanyoaji kondoo waliacha utani, wakawa wanamvulia kofia. Maskini, akadhani ni heshima.

Siku ya harusi alitoka na Nan mkononi hadi kwenye kibaraza kilekile. Sajini alikuwa akingoja na karatasi.

"Thomas Garthwaite ni nani hapa?"

Job alivimba kifua. Hakuna mgeni aliyewahi kumwita hivyo. "Ndiye mimi, bwana! Muulize yeyote!"

Sajini akawatazama watu. Mzee Garthwaite akaitikia kwa kichwa, kasisi naye, kisha wote.

"Kura ya kuingizwa jeshini ilikuangukia kule Kendal, wiki nne zilizopita. Ni miaka mitano. Muage mkeo upesi."

"Wiki nne? Lakini wiki nne zilizopita mimi nilikuwa..."

Askari wawili walishamkamata mabega. Nyuma ya mzee akajitokeza kijana aliyerudi jana kutoka Lancaster, Thomas Garthwaite tangu siku ya ubatizo wake, akamshika Nan kiuno asianguke.