Gunia la Pumba

Baba Pacha alilikokota gunia la pumba hadi katikati ya banda, akaliweka juu ya ufa. Akarudi nyuma, akalitazama kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili.

"Linaonekana kama limewekwa," alisema.

"Ni gunia. Lazima liwekwe," akajibu mkewe, aliyekuwa barazani akipiga pasi koti.

Sakafu ilipasuka juzi, na simenti mbichi isingewahi kukauka kabla ya mkaguzi wa serikali kufika. Banda likifeli, mkaguzi harudi bure. Kuna ada ya ukaguzi wa marudio, na ada hiyo ingemeza hela yote ya tangi la maji. Mke alikuwa ameshalichagua dukani, la bluu. Alikuwa akiwachotea ng'ombe maji kwa ndoo tangu aolewe, na mgongo ulikuwa umegoma. Alilitaka tangi lile hadi akaliota.

"Mwaka jana nilimchinjia kuku," alisema. "Akala mpaka shingo, halafu akatufelisha kwa sababu ya mfuniko wa ndoo!"

"Mfuniko ulikuwa na kutu."

"Haya, mtetee."

"Simtetei. Ulikuwa na kutu."

"Kwani hawana mwingine wa kututumia?"

"Wilaya nzima yuko peke yake."

Mke akasonya, akaigandamiza pasi kana kwamba nguo ndiyo yenye makosa. "Basi ongea naye. Mwambie habari za mgongo wangu."

"Anazijua. Nimeongea naye mpaka nimechoka, hasikii."

Baba Pacha alisuuza mabuti yake kwa maji ya ndoo, akauliza ni saa ngapi. Saa nne kasoro, akaambiwa.

"Na hajawahi kuchelewa," alisema kwa masikitiko, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Mke akashuka bandani. Akalisogeza gunia kidogo, likae kizembezembe, kama lililosahauliwa. Akamwaga na pumba kiasi pembeni, iwe ushahidi. Ng'ombe walimtazama huku wakicheua. Akajicheka mwenyewe kwa kuliogopa koti. Nyuma ya nyumba mlango ulilia, kisha kukawa kimya.

Saa nne kamili geti likagongwa.

"Hodi! Ukaguzi!"

Alifuta mikono kwenye khanga, akaenda kufungua. Mkaguzi akaingia, koti lake jeupe bado lina joto la pasi, kalamu iko sikioni. Hakuangalia ndoo wala ng'ombe. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia, akalisukuma kando kwa buti, akauinamia ufa, akatikisa kichwa na kuanza kuandika.

"Baba Pacha," mke akasema, "hata salamu?"