Cheti cha Polikarpo

Karani Nikodemu alikisukuma cheti kikarudi mpaka kwenye vidole vya Verediana. "Shemeji, usikiuze. Vuta subira kidogo."

Cheti hicho mumewe, Polikarpo, alipewa kama malipo ya mpira alioukinga msituni, kabla vita vya Maji Maji havijafika Ifakara. Siku shamba la pamba la Wajerumani likigawanywa, angekuja mwenyewe, akabidhi cheti, apewe fungu la ardhi. Au angekiuza. Mkewe hakuruhusiwa kukibadilisha kwa ardhi. Kukiuza aliweza, ila mpaka awe mjane.

Miezi mitano Verediana alikuwa akija dukani, anakitoa, anakitazama, anakirudisha kwenye pindo la kaniki. Watu walimwonea huruma. Vita vimekwisha, njaa imeenea bonde zima, na yeye bado hajakubali kwamba mumewe amefia vitani. Askari nao hawakumpa nafasi. Kila wiki walipita kwake kumsaka mumewe, aliyepigana nao, na kuuliza kama amerudi.

Leo alikuja amenyoa nywele. Nyuma yake alisimama Wendelin, kaka wa Polikarpo, kuushuhudia msiba kama desturi ilivyotaka.

"Unaacha shamba zima, shemeji," karani alisema. "Mimi nina pishi tatu za mtama tu. Huoni unajidhulumu?"

"Andika marehemu," Verediana alisema. "Andika kubwa, na askari aone. Mtama sina nguvu ya kuutwanga. Nipe karanga za kukaanga."

Karani akaandika, akasoma kwa sauti: marehemu Polikarpo. Verediana akakaa chini pale pale. Alilia kilio cha kukata maini, mpaka askari aliyekuwa mlangoni akageuza uso.

Wendelin alimwinua taratibu. "Basi, shemeji. Twende nyumbani. Kesho wazee wanakaa, hutabaki peke yako."

Verediana alimwomba atangulie. Yeye angepitia mtoni kunawa uso. Alishuka kwenye matete, akatazama huku na huku, akauweka mfuko wa karanga ukingoni. Mkono uliokonda ukatoka majanini, ukauvuta.

"Wameamini?" Polikarpo aliuliza.

"Wameamini," alijibu. "Kesho kaka yako ananirithi."