Kohoa Kidogo, Mama

Mwanafunzi wa saba naye hakunawa mikono, ila alitamka kwa sauti kwamba amenawa.

"Nimenawa mikono," alisema, akavuta pazia, akaketi mbele ya mama. "Shikamoo, mama. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu. Naomba tuzungumze kuhusu tatizo lako."

"Marahaba, mwanangu."

Mama alilivuta gauni la wagonjwa likafunika magoti. Toka juzi, alipoambiwa aje akae kwenye kiti hiki, alikuwa amekata shauri: leo hafichi kitu. Miaka sita ya kuficha inatosha. Alimficha mumewe, mpaka mzee wa watu akahamia chumba cha pili akidhani kachukiwa. Alimficha binti yake, na mjukuu hampakati tena. Kicheko chake, kile cha kusikika nyumba ya tatu, alikifungia kabatini pamoja na matambara.

"Haya, mama, nini kinakusumbua?"

"Nikutegee kitendawili?"

Mwanafunzi aligeuza shingo kumtazama mwalimu aliyeketi pembeni na kalamu yake. Kisha akamgeukia mama. "Tega basi."

"Nina mgeni haagi. Nikicheka, katoka. Nikipiga chafya, katoka. Nikiinua ndoo ndiyo kabisa, hata hanisubiri."

"Mkojo, mama."

Hata huyu kakipata! Saba kwa saba, hakuna aliyechemsha.

"Umezaa mara ngapi?"

"Mara tano. Wa mwisho alinitoa jasho siku mbili nzima."

"Unajiwekea kitambaa?"

"Viwili. Leo vitatu."

Mwanafunzi aliandika. "Kohoa kidogo, mama."

Mama akakohoa. Ilikuwa mara ya saba, na vitambaa vilikuwa vimeshajaa toka ile ya nne. Mwanafunzi hakutazama chini. Alitazama saa ya ukutani.

"Mama, hii si laana wala si uzee," alisema haraka haraka, kama mtu anayekimbizwa. "Ni misuli ya nyonga imelegea. Unaibana kama unayezuia mkojo, unahesabu mpaka kumi, unaachia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Inatibika. Na nitakuandikia rufaa kwa daktari wa wanawake."

Inatibika. Miaka sita hakulisikia neno hilo hata mara moja, na leo kalisikia mara saba. Machozi yakamjaa machoni.

"Utaniandikia kweli, mwanangu?"

"Nimeshaandika, mama." Akainyanyua karatasi, mwandiko umenyooka kama mstari wa rula.

Kengele ikalia. Mwanafunzi akaiweka karatasi juu ya zile nyingine sita mbele ya mwalimu, akatoka mbio.

Mama akajikusanya, akajikohoza, mara akakumbuka asikohoe.

"Mwalimu, hizo karatasi zangu nizipeleke dirisha gani?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Wewe mama wewe! Bado tu umo? Mtihani umekwisha! Wote wamefaulu, na wewe ndiye uliyewabeba. Kuigiza gani huko, mpaka machozi!" Akazitia karatasi zote saba kwenye bahasha, akailamba, akaibandika. "Kesho utakuwa mwenye pumu. Sasa vua hilo gauni ukachukue ndoo yako, kuna mtu kamwaga maji hapo chini ya kiti."

Mama akalivua, akabaki na sare yake ya usafi. Akapiga magoti, akayapangusa upesi, kabla hayajaanza kunuka.