Kona ya Kifuko

Basi mji ule, jina lake tuliache, ulikuwa na maduka ya aiskrimu kila upande, mengine ya vioo na feni. Bwana Mapunda wa halmashauri akawa anayapitia kuandika yaliyo bora. Duka lisipoandikwa, linaondolewa barabara kuu. Akafika kwa Bi Siwema, mwenye friji moja tu barazani na aiskrimu ya ubuyu kwenye vifuko vya nailoni, vile vya kufunga fundo.

"Mama, nikatie kifuko, unitilie kwenye bilauri na kijiko."

"Hii hailiwi kwa bilauri, baba. Unang'ata kona, unafyonza."

"Mimi mtu mzima."

"Na meno si unayo."

Wateja wakacheka. Bwana Mapunda akafungua daftari. "Wenzako wote wamenipa bilauri. Bilauri tu, mama, ubaki hapa."

Bilauri zilikuwepo kabatini, nyuma yake. Bi Siwema hakugeuza hata shingo.

"Miaka ishirini watu wanang'ata. Andika utakavyo, ila utang'ata kwanza."

Akamwekea kifuko kiganjani. Maji ya baridi yakadondokea daftari, wino ukaanza kutawanyika, na barabara nzima ikawa inamtazama mdomo.