Mbio za Baba Yake

Siku hizi klabu za Marekani zikisajili nyota kutoka nje, zinanunua na namna yake ya kukimbia, na mtu mwingine haruhusiwi kukimbia hivyo mbele ya watu. Mume wangu Shomari alisaini kwa fedha ambazo hapa Tanga hatukujua hata kuzitamka. Tukajenga nyumba. Kisha binti yetu Mwanahawa akaanza kukimbia: bega la kushoto chini, mkono wa kulia umetanuka kama bawa, baba yake mtupu.

"Wee, huyu umemzaa au umemtoa fotokopi?" jirani yangu Mama Hidaya alicheka, akamrekodi, akamrusha mtandaoni.

Jioni ile ile Shomari akapiga simu kutoka Marekani.

"Klabu wamemwona, Mama Mwanahawa. Akionekana tena wanavunja mkataba, na nyumba wanachukua."

"Ana miaka mitatu, Baba Mwanahawa!"

"Najua. Mfundishe taratibu kukimbia vingine."

Asubuhi nilichagua punje ndogo kabisa ya mahindi, nikaitia ndani ya kiatu chake cha kushoto, mwenyewe akinitazama. Nilijiambia mkataba utakwisha naye angali mtoto, atazikumbuka mbio zake. Akakimbia uani akichechemea, mikono imebanwa mbavuni, akaja kuniangukia mapajani akihema.

"Mama, nimekimbia kama baba?"

"Hapana, mwanangu. Umekimbia vizuri sana."

Akafurahi. Akavua kiatu cha kulia, akaninyooshea, nitie punje nyingine.